Jinsi ya kuotesha andromeda, kichaka kifupi cha kinamasi, kama bustani yako ina ubaridi na unyevu

Wadau wa bustani, leo ni zamu ya andromeda. Jina lake kamili ni Andromeda polifolia, kichaka kifupi, kijani mwaka mzima, asili yake ni vinamasi vya kaskazini mwa dunia, kuanzia Ireland na Skandinavia, Urusi, Kanada, mpaka kaskazini mwa Japani. Kawaida hakivuki sentimita 40, kikijitahidi sana 60, na aina nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bustani zinaishia 20 au 30 hivi alafu zinaanza kutambaa. Majani yake membamba, magumu kidogo, kingo zimejikunja kwenda chini, na ukiligeuza jani upande wa chini unakuta kuna weupe wa unga unga. Mwishoni mwa machipuko mpaka mwanzoni mwa majira ya joto, ncha za matawi zinatoa vishada vya maua, kila ua ni kakengele ambako hakafiki hata sentimita moja, ka pinki au keupe, kameinamisha mdomo chini. Ni ua la kupiga goti ndo ulione vizuri, kwaiyo kama unatafuta mmea wa kumshtua mgeni akiwa bado yuko getini, sio huu.

Kabla hujatoa hela yako jiulize swali moja tu, hapo kwako pana ubaridi wa kweli? Huu mmea kwao unavumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri ukiwa umefunikwa na theluji, baridi haijawahi kuwa ishu kwake. Kinachoumaliza ni joto, hasa joto la usiku lisiloshuka na udongo uliopata moto. Kama unakaa sehemu ambayo miezi na miezi joto liko juu ya nyuzi 30 mi nakushauri uachane nao kabisa, kivuli kitausogeza siku mbili tatu lakini mwisho wake ni ule ule. Wenye miinuko ya ukungu na wenye majira ya joto mafupi na ya upole, nyie endeleeni kusoma.

Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea, aliukuta safarini Lapland, kaskazini kabisa mwa Skandinavia, mwaka 1732, umesimama kwenye vinundu vya kinamasi na maji yamezunguka mizizi, akakumbuka ile hadithi ya Wagiriki ya Andromeda, binti wa mfalme wa Ethiopia aliyefungwa kwenye mwamba baharini. Jina likabaki hilo. Naitaja hii kwa sababu alichokiona yeye pale ndo kilimo chenyewe kilivyo, miguu majini, mwili juu kwenye mwanga na upepo. Ukiweza kumpa hivyo vitu viwili, pamoja na udongo wa asidi, yaliyobaki ni madogo madogo.

Tuanze na hiyo asidi maana hapo ndo wengi wanaangukia pua. Andromeda ni ya familia moja na bluberi, kranberi na azalia, familia ya Ericaceae, na hawa wote udongo wenye chokaa hawautaki hata kidogo. Vinamasi vyake vya asili mara nyingi pH, yani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi, iko chini ya 5, bustanini ukipata kati ya 4.5 na 5.5 uko vizuri. Ikipanda zaidi ya hapo madini ya chuma yanakuwepo kwenye udongo lakini mmea hauwezi kuyachukua, basi majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, na mtu akiona njano anakimbilia kuongeza mbolea, anazidi kuharibu. Mizizi yake ni myembamba mno, haina vile vinywele vya kunyonyea ambavyo mimea mingine inavyo, badala yake inaishi na kuvu maalumu wanaoisaidia kutafuta naitrojeni kwenye udongo maskini. Maana yake ukimwaga mbolea ya nguvu au dawa za kuua kuvu hovyo hovyo, unawaua wafanyakazi wake.

Kipimo cha pH cha kawaida cha kuchovya kinatosha, sio lazima mambo ya maabara. Ukikuta udongo wako ni 6.5 na kuendelea, na hasa kama chini kuna mawe ya chokaa, usijisumbue kuubadilisha shamba zima, hautabadilika, ukishusha leo mwakani umerudi pale pale. Salfa inashusha kweli lakini inategemea bakteria waifanyie kazi, inachukua miezi, na inataka udongo wenye joto kidogo na hewa, kwaiyo inawekwa mapema kabla ya kupanda na sio siku ya kupanda. Yale mambo ya kumwaga machicha ya kahawa mi siyaamini, yakishatumika hayana asidi ya kutegemewa, na yakijaa juu yanaganda yanazuia maji kupenya. Majani ya msonobari nayo watu wanasema yanaleta asidi, ukweli ni kwamba yanabadilisha kidogo mno, ila kwa kufunika udongo ni mazuri sana, tutayarudia.

Dawa ya udongo usiofaa ni kuchimba kinamasi chako mwenyewe, na hii ndo kazi kubwa ya mradi wote, ukiifanya vizuri mara moja unapumzika miaka mingi. Chagua sehemu iliyo chini kidogo kuliko bustani nyingine, yenye jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana, au jua la siku nzima kama kwako jua lenyewe ni la upole. Usiweke chini ya mti mkubwa, mizizi ya mti itakuja kunywa maji yote na majani yakidondoka yanavifunika hivi vimmea. Na usiweke pembeni ya ukuta wa saruji au njia ya kokoto za chokaa, kila mvua ikinyesha maji yanashuka na chokaa yake yanaingia humo humo.

Chimba sentimita 45 mpaka 60 kwenda chini. Upana ni wewe, ila usifanye kadogo sana kwa sababu kashimo kadogo kanakauka haraka na kanapata joto haraka, mita moja kwa mita moja ndo naona pa kuanzia. Shimo la ukubwa huo lenye kina cha sentimita 45 linameza lita 450 za mchanganyiko, piga hesabu yako mapema usije ukaishia nusu. Ondoa mawe yenye ncha, tandika turubai gumu la nailoni, lile la kutengenezea bwawa la samaki ni bora zaidi, lipande mpaka ukingoni. Sasa hapa sikiliza vizuri, hatutengenezi bwawa, tunatengeneza udongo uliolowa. Toboa matundu machache kwenye kuta za turubai, kama sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi, ukizunguka pande zote. Mvua ikizidi maji yanatokea hapo, mvua ikikosekana yaliyo chini ya matundu yanabaki kuwa akiba. Usipotoboa kabisa, siku ya mvua kubwa mimea inaogelea, na maji yaliyotuama yakishapata joto mizizi inaoza. Ukitoboa chini kabisa matundu mengi nayo umerudi kwenye udongo wa kawaida.

Cha kujazia, zamani jibu lilikuwa moja tu, piti, yani yale mabaki meusi ya mimea ya kinamasi yaliyokaa kwenye maji bila kuoza yakaisha. Inafanya kazi vizuri mno, sikatai, lakini piti inajijenga kama milimita moja tu kwa mwaka, ina maana mita moja ya kwenda chini ni kazi ya miaka kama 1000, na ardhi za piti ni asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani huku zikiwa zimeshikilia karibu theluthi moja ya kaboni yote ya kwenye udongo. Kuchimbua kinamasi cha mtu mwingine ili utengeneze cha kwako mi naona haina maana. Tumia magome ya msonobari yaliyooza vizuri, changanya na mboji ya majani ya msonobari au ya miti isiyoota kwenye chokaa, alafu weka mchanga mkavu kama sehemu moja kwa kila sehemu tatu. Hasara yake ni moja, huu mchanganyiko unaoza na kushuka, kwaiyo kila mwaka unaongezea juu kidogo. Ukiamua kutumia piti basi tumia kwa uchache, na kumbuka ikikauka inakataa maji, unamwagia yanateleza pembeni huku ndani kukavu. Iloweke kwenye ndoo na maji ya uvuguvugu, igeuze kwa mkono mpaka ikolee, hata kama itachukua siku nzima.

Mchanga nao sio wowote. Wa baharini usiguse, una chumvi na vipande vya makombe ambavyo ni chokaa tupu. Mchanga wowote mwingine ufanyie majaribio ya dakika moja, chota kijiko weka kwenye bilauri, mwagia siki nyeupe, sogeza sikio. Ukisikia unachemka au ukaona vipovu vinapanda, una chokaa, mwaga. Ukikaa kimya endelea nao. Fanya hivyo hivyo kwa kokoto zozote unazotaka kupamba nazo.

Ukishajaza shimo lowesha, acha wiki mbili tatu litulie lishuke, ongeza, ndo upande. Kujua kama unyevu uko sawa, chota konzi ya udongo kutoka chini kidogo ukamue, ikitoka michirizi ya maji kama sponji ya kuoshea vyombo, pale juu pamelowa kupita kiasi, yakitoka matone machache machache basi ni penyewe.

Maji sasa. Maji ya mvua, maji ya mvua, maji ya mvua. Maji ya bomba au ya kisima sehemu nyingi yana chokaa iliyoyeyuka, hata kama udongo wako ulikuwa 4.8 siku ya kupanda, ukimwagilia miezi sita na maji magumu unaupandisha taratibu bila kujua. Angalia birika lako la kuchemshia maji, kama ndani lina ukoko mweupe basi jibu unalo. Weka tanki au hata ndoo mbili tatu chini ya mfereji wa bati, lakini paa lisiwe la saruji mpya. Mvua ikikata na huna akiba, maji yaliyochujwa kwa ile mashine ya kusukuma kwenye utando yanafaa, ukikosa hiyo chemsha maji ya bomba yaache yapoe, sehemu ya chokaa inaganda chini, mimina ya juu taratibu. Haiondoi yote ila ni afadhali. Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya chumvi ndo mabaya zaidi, hayo usithubutu. Na kama hakuna kabisa, maji ya bomba siku mbili tatu ni bora kuliko mmea kukauka, maana ukikauka hadi mizizi hauamki tena, huu sio mmea wa kunyauka mchana ukarudi jioni. Majani yake magumu hayaoneshi dalili mapema, unaliona zima tu kumbe mzizi ulishakufa wiki iliyopita.

Wakati wa kununua kuna mtego mmoja. Baadhi ya vitalu vinauza mmea mwingine kabisa, Pieris japonica, kwa jina hilo hilo la andromeda. Ni ndugu, ni mzuri, lakini unakuwa mti wa mita mbili tatu na hautaki miguu majini. Kwaiyo soma kibao, lazima kiandikwe Andromeda polifolia. Aina utakazokutana nazo sana ni 'Blue Ice', majani yake yana ubluu wa fedha na ndo naipenda kuliko zote maana hata bila maua inapendeza, 'Compacta' na 'Nikko' ambazo zinajikusanya vizuri, na 'Alba' yenye maua meupe. Usichukue mmea wowote kutoka kinamasi cha asili, kwanza haushiki, pili sehemu nyingi vinamasi hivyo vinalindwa kisheria.

Kupanda kwenyewe ni fasta. Chovya kikopo kizima kwenye maji ya mvua mpaka vipovu viishe, toa mmea, kama mizizi imejizungusha ifumue kidogo kwa vidole pembeni tu, panda usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kikopo, usiuzamishe. Kati ya mmea na mmea acha sentimita 30 hadi 40, utaona kama ni pengo kubwa lakini unatambaa wenyewe, matawi yaliyolala yanatoa mizizi na baada ya miaka michache yanaungana. Machipuko ndo muda mzuri, au mwanzoni mwa vuli kama baridi yako inachelewa. Alafu funika juu na yale majani ya msonobari sentimita tatu hadi tano, yanaweka mizizi kwenye ubaridi na yanazuia magugu. Magugu ng'oa kwa mkono, jembe usilipitishe hapo maana mizizi iko juu juu.

Wa kukaa naye ni wale wanaopenda maisha hayo hayo, kranberi, sfagnamu (ule mmea laini kama sponji unaotandaa vinamasini), na mimea inayokula wadudu kama Sarracenia na Drosera. Bluberi hapana, yeye anataka asidi lakini sio kulowa kiasi hiki.

Asiye na sehemu ya kuchimba atumie chungu. Kiwe kipana kuliko kirefu, sentimita 30 hivi, cha plastiki yenye rangi nyepesi au kilichopakwa vanishi, kile cha udongo mtupu kinapoteza maji kwa pembeni na cha saruji kinatoa chokaa. Weka kwenye sahani yenye maji ya mvua ya sentimita mbili, yakinyonywa yakaisha acha siku moja ndo uongeze, siku za baridi kali toa sahani kabisa. Kwenye chungu adui ni jua la mchana kupiga ubavu wa chombo, mizizi inaiva ikiwa ndani ya maji, kwaiyo kizibe kwa mawe au vyungu vingine ili kivuli kiangukie chombo na sio mmea.

Mbolea, kwa ufupi, karibu na hakuna. Samadi usiweke kabisa, majivu usiweke kabisa, hayo majivu ni sawa na chokaa tu. Kama mmea umedumaa kweli miaka miwili na pH iko sawa, mpe mbolea ya mimea ya asidi, robo ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja machipuko, basi. Kupogoa pia ni kidogo, kata ncha mara tu maua yakinyauka ili ujae chini, ukichelewa hadi vuli unakata vitumba vya mwaka ujao na hutaona ua.

Magonjwa hayana makuu. Ukiona chipukizi limevimba na kuwa jekundu isivyo kawaida ni kuvu wa Exobasidium, likate ulitupe mbali, hauui mmea. Majani yakiwa ya kahawia kuanzia ncha huku udongo umelowa na kunuka, hiyo ni mizizi kuoza kwa joto na maji kutuama, angalia yale matundu yako kama hayajaziba. Njano yenye mishipa ya kijani tumeshaiongelea, pima pH ya udongo na ya maji, na chuma cha kunyunyizia kitakusukuma wakati unatafuta chanzo.

Sasa hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, HULIWI. Majani yanafanana na rozimari na kuna nchi wanauita rozimari ya kinamasini, mtu anaweza akadhani ni kiungo. Una sumu ya grayanotoksini, inashusha presha, inapunguza mapigo ya moyo, inatapisha, na mbuzi na kondoo pia inawadhuru. Usichemshe chai, usiupande jirani na viungo vyako vya jikoni, na wenye watoto wadogo au mifugo inayozurura wekeni uzio. Kuushika kwa mikono haina shida, nawa tu ukimaliza.

Ukishakuwa na mmoja unaokubali, kuuzidisha ni rahisi na hakuna haja ya kununua tena. Njia ya uvivu ni kulaza tawi la chini, likwaruze kidogo kwa chini, libane na waya kwenye udongo uliolowa, baada ya mwaka hivi lina mizizi yake, kata uhamishe. Njia ya pili ni vipandikizi, mwanzoni au katikati ya majira ya joto kata ncha za sentimita tano hadi nane ambazo zimeanza kukakamaa lakini bado zinapinda, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wa sfagnamu na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo), funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini. Homoni ya mizizi inasaidia kidogo. Inachukua wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu, usiwe unavivuta vivuta kuangalia, subiri uone chipukizi jipya. Mbegu ni kwa wenye subira, ni ndogo mno, zikae friji wiki nne hadi nane ndani ya sfagnamu yenye unyevu, alafu unazimwaga juu ya udongo bila kuzifukia kwa sababu zinahitaji mwanga, na mpaka uone ua itapita miaka kadhaa. Aina kama 'Blue Ice' usizioteshe kwa mbegu, watoto hawatafanana na mama, hizo ni kipandikizi au tawi la kulaza tu, na miche yote iache kivulini mwaka wa kwanza kabla ya kuipeleka kwenye shimo kubwa.